Amonaiti, Foraminifera au Matumbawe: Kisukuku Kipi Kitaje Umri wa Chokaa ya Lindi na Mtwara?

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina mawe ya chokaa ya zama zilizopishana mno. Katika milima ya Matumbi, kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, mapango makubwa kama Nang'oma yametobolewa na maji ndani ya chokaa ya kipindi cha Jurasiki, iliyotandikwa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Katika vilima vinavyoizunguka hori ya Lindi, na kuelekea kaskazini hadi Pande na Kilwa Masoko, ipo chokaa ya vipindi vya Eosini na Oligosini, vya takriban miaka milioni 56 hadi 23 iliyopita. Ufukweni Mikindani na Msimbati, mawe ya matumbawe, ambayo ndiyo yaliyojengewa nyumba za kale za mji wa Mikindani, ni ya juzi tu kwa hesabu ya jiolojia. Yote matatu huitwa chokaa, yote hutoa povu yakidondoshewa asidi hafifu, na yakishavunjwa na kupakiwa kwenye lori, hata mtu mzoefu anaweza kuyachanganya. Rangi na ugumu havitoshi kueleza umri. Kinachoueleza ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa baharini waliozikwa pamoja na tope la wakati wao.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua: mwanafunzi wa jiolojia anayeandaa utafiti wa shahada, mpima anayetafuta malighafi ya saruji, au mwalimu wa jiografia anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake kwa hakika kilima kilicho nyuma ya shule ni cha lini. Watu hao hawana fedha za kupima kila kitu. Wanahitaji kujua waanze na kundi gani la visukuku, kundi hilo lina nguvu wapi, na linapotosha wapi. Msimamo wangu nauweka mapema: hakuna kundi linaloyashinda mengine kila mahali, kwa kuwa aina ya jiwe ndiyo inayoamua, na katika pwani hii jibu bora mara nyingi hupatikana katika udongo wa mfinyanzi uliolala juu na chini ya chokaa kuliko ndani ya chokaa yenyewe.

Tangu William Smith, mpima mifereji wa Uingereza, alipochapisha ramani yake ya kijiolojia mwaka 1815 akitumia visukuku kutambulisha tabaka, sifa za kisukuku cha kupimia umri hazijabadilika sana. Spishi yake iwe imeishi kwa muda mfupi, iwe imesambaa katika bahari nyingi, iwe imeacha mabaki mengi, na iwe inatambulika bila ubishi. Mimi huongeza sifa ya tano ambayo vitabu huichukulia kuwa imekwisha kueleweka: ipatikane katika jiwe ulilo nalo. Amonaiti, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi aliyekuwa na gamba lililojikunja, ana sifa zote nne za mwanzo, lakini kumtafuta katika chokaa ya Eosini ni kupoteza muda, kwa sababu amonaiti walitoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Jambo moja zaidi linapaswa kueleweka kabla ya kulinganisha. Kisukuku peke yake hutaja nafasi ya tabaka katika mfuatano wa historia ya dunia. Hakitaji idadi ya miaka. Idadi hiyo imepatikana kwingine, mahali ambapo tabaka zenye visukuku vilevile zimepakana na majivu ya volkano yanayoweza kupimwa kwa kuoza kwa uraniamu au potasiamu, au zimehifadhi kumbukumbu ya kupinduka kwa usumaku wa dunia. Kwa hiyo, anayesoma umri wa chokaa ya Lindi kwa kutumia visukuku anaazima kipimo kilichosawazishwa katika nchi nyingine, na usahihi wake unategemea jinsi alivyotambua spishi.

Chokaa ya Jurasiki: amonaiti na Trigonia

Katika tabaka za Jurasiki chaguo ni kati ya amonaiti na kombe wazito wa jamii ya Trigonia. Amonaiti ndiye mpimaji bora. Mjerumani Albert Oppel aliigawa Jurasiki ya Ulaya katika kanda, yaani vipande vya muda vinavyotambulishwa na spishi fulani, kwa kutumia amonaiti miaka ya 1850, na kanda nyingi za aina hiyo leo zinakadiriwa kuwa fupi kuliko miaka milioni moja. Ubora wake unatokana na maisha yake: aliogelea, akasambaa, na spishi zake zilibadilika haraka. Kasoro yake ni uchache. Katika chokaa iliyotandikwa karibu na ufuko, mtu anaweza kupasua mawe siku nzima asipate hata kipande chenye mishono ya gamba inayohitajika ili kumtambua.

Trigonia yuko kinyume chake. Aliishi sakafuni, katika maji mafupi yenye mchanga, na kwa hiyo anapatikana kwa wingi mahali ambapo amonaiti hawapatikani. Gamba lake nene lenye matuta linaonekana kwa macho bila hadubini. Hata hivyo, spishi zake zilidumu muda mrefu zaidi, na kila eneo la bahari lilikuwa na zake, jambo linalofanya ulinganisho na Ulaya kuwa mgumu, ingawa ulinganisho na Kachchh nchini India unawezekana, kwa kuwa pwani hizo mbili zilikuwa karibu wakati huo.

Mfano unaoonyesha thamani ya makundi yote mawili uko Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913, msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig ulichimba huko mifupa ya dinosaria, akiwemo Giraffatitan ambaye mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wachimbaji na wapagazi wa kusini, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na naona ni haki jina lake litajwe kila Tendaguru inapotajwa. Mifupa ya dinosaria wa nchi kavu haikuweza kuueleza umri wake yenyewe. Tabaka za baharini zilizopishana na zile zenye mifupa ndizo zilizoueleza, na hadi leo sehemu za mfuatano huo zinaitwa kwa majina ya kombe kama Indotrigonia africana. Amonaiti wachache waliopatikana ndio waliowezesha tabaka hizo kuunganishwa na kipimo cha dunia na kuwekwa mwishoni mwa Jurasiki, takriban miaka milioni 150 iliyopita, huku sehemu ya juu kabisa ikiingia Kretasia, kipindi kilichofuata.

Kwa anayefanya kazi katika chokaa ya Matumbi au Mandawa, ushauri wangu ni kutumia Trigonia kufuatilia tabaka kutoka bonde hadi bonde, na kumtafuta amonaiti mmoja mwenye hali nzuri wa kuzipa tabaka hizo umri. Amonaiti akikosekana kabisa, Trigonia atakupa kipindi, wala usimlazimishe akupe zaidi ya hapo.

Eosini na Oligosini: makundi matatu yanayoshindana

Hapa ndipo pwani yetu ina utajiri wa kipekee, na ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu. Tabaka zinazojulikana kama Kundi la Kilwa zinaanzia Kretasia ya mwisho hadi Oligosini ya mwanzo, na sehemu zake nne zimepewa majina ambayo kila msafiri wa barabara hiyo anayafahamu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Makundi matatu ya visukuku yanagombea nafasi: foraminifera wakubwa wa sakafuni, foraminifera wadogo waliokuwa wakielea, na visukuku vidogo mno vya mimea ya baharini yenye magamba ya chokaa, ambavyo wataalamu huviita nanofosili.

Foraminifera wakubwa ndio wanaoijaza chokaa yenyewe. Ni viumbe wa seli moja, lakini gamba la numulaiti, ambaye ni mmoja wao, linaweza kufikia sentimita moja na zaidi. Ukipasua jiwe kwa nyundo na pigo likapita katikati ya gamba, utaona mstari ulioanzia kwenye chumba kimoja kidogo, ukajizungusha mara nyingi, na kuta fupi zikiugawa katika vyumba vingi vinavyofuatana. Ukilowesha uso huo kwa maji na kuutazama kwa lenzi ya mkononi, kila ukuta unajitokeza. Kwa mtu aliye porini hakuna kisukuku kinachosema haraka zaidi. Discocyclina, foraminifera mkubwa mwingine, kwa mfano, hakuvuka mwisho wa Eosini, ilhali Lepidocyclina alifika katika bahari za upande huu wa dunia baadaye, katika Oligosini. Chokaa yenye Lepidocyclina wengi isiyo na Discocyclina hata mmoja ni dalili nzuri ya Oligosini.

Wanapendeza kwa sababu nyingine pia: hawana gharama kubwa. Jiwe hukatwa kwa msumeno, hubandikwa kwenye kioo na kusagwa hadi unene wa maikroni 30 hivi, kisha husomwa kwa hadubini ya kawaida. Ni lazima vikatwe vipande vingi, kwa sababu utambuzi wa spishi unahitaji mkato unaopita katika chumba cha kwanza kabisa, na mkato wa kubahatisha hupita hapo kwa nadra.

Udhaifu wao ni wa hatari, kwa kuwa hauonekani. Viumbe hawa waliishi na mwani ndani ya miili yao, kwa hiyo walihitaji mwanga na maji mafupi. Tope la Kilwa lilitandikwa katika bahari yenye kina cha mamia ya mita. Iweje basi tabaka za chokaa yenye numulaiti zipatikane katikati ya tope hilo? Ni kwa sababu mchanga na magamba vilimomonyoka kutoka ukingo wa bara na kuteleza hadi kilindini. Jiwe la namna hiyo linaweza kuchanganya magamba ya wakati wake na magamba ya zamani zaidi yaliyong'olewa njiani. Kanuni ni kwamba tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko kisukuku chake kichanga kuliko vyote, lakini linaweza kuwa changa kuliko hicho. Anayetegemea numulaiti peke yao anapata mpaka wa upande mmoja tu.

Foraminifera waeleaji ndio wanaoifunga pengo hilo. Wao waliishi wakielea katika maji ya bahari kuu, wakafa, na magamba yao yakadondoka moja kwa moja katika tope la chini. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa umewahifadhi kwa namna isiyo ya kawaida duniani: udongo ulizuia maji kupita, haukuzikwa kwa kina kikubwa, na magamba yamebaki angavu, yakipitisha mwanga kama yalivyokuwa kiumbe alipokufa. Ndiyo sababu mradi wa uchorongaji wa kisayansi nchini Tanzania, ulioendeshwa miaka ya 2000 na Paul Pearson na wenzake, ulilenga Kilwa na Lindi.

Njia ya kuwapata ni ya subira. Udongo huloweshwa hadi uvunjike, huoshwa juu ya chekeche yenye matundu ya maikroni 63, mabaki hukaushwa kwa joto dogo, na magamba huokotwa moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Umri hupatikana kwa kuangalia nani yupo pamoja na nani. Hantkenina, mwenye miiba mirefu isiyoweza kusahaulika, alizuka karibu na mwanzo wa Eosini ya Kati na kutoweka miaka milioni 33.9 iliyopita, na kutoweka kwake ndiko kunakotumika kimataifa kuweka mpaka wa Eosini na Oligosini. Morozovelloides, mweleaji mwingine, alitoweka mapema zaidi, takriban miaka milioni 38 iliyopita. Udongo wenye Hantkenina wengi na usio na Morozovelloides kwa hiyo umebanwa kati ya miaka milioni 38 na 33.9, na kila spishi inayoongezwa huubana zaidi. Chokaa iliyolala kati ya tabaka mbili za udongo wa namna hiyo imepata umri wake bila kuvunjwa.

Tatizo kubwa la waeleaji ni mahali pa kupata sampuli. Mvua na mizizi huyeyusha magamba katika udongo wa juu, na mtu anayechota udongo wa kijivu uliokwisha kugeuka kahawia ufukweni au kando ya shamba atarudi na chekeche tupu. Udongo mbichi hupatikana kwa uchorongaji, katika mikato mipya ya barabara, au katika kifusi cha kisima kinachochimbwa wakati huohuo. Ningemshauri mwanafunzi yeyote wa Lindi aulizie visima kabla ya kuulizia vifaa.

Nanofosili huhitaji udongo kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, unaopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini ya mwanga uliopolaraizwa inayokuza mara 1,000. Matokeo yanaweza kupatikana siku ileile. Kanda zake, zilizopangwa na Erlend Martini mwaka 1971, bado zinatumika, na baadhi ya spishi ni alama bora: Discoaster saipanensis alitoweka kiasi cha miaka milioni 34.4 iliyopita, muda mfupi kabla ya Hantkenina. Lakini ukubwa wake ni wa maikroni chache tu, na hivyo kisu kichafu kinatosha kuhamisha visukuku kutoka sampuli moja kwenda nyingine, tabaka changa humeza vya tabaka kongwe kwa urahisi, na utambuzi wake hujifunzwa kwa miaka. Ndani ya chokaa ngumu ya miamba ya matumbawe karibu havipatikani.

Nikitakiwa kuchagua kundi moja kwa mwanafunzi mwenye hadubini ya kawaida, nachagua waeleaji. Kwa kampuni inayochoronga na kuhitaji jibu kabla mtambo haujahama, nachagua nanofosili. Foraminifera wakubwa nawachagua kwa mpima wa machimbo ambaye hana udongo wowote wa kuosha. Hata hivyo, chaguo hilo limekuwa jepesi kuliko zamani kwa sababu ya kazi iliyofanyika hapahapa: mwaka 2011 Laura Cotton na Paul Pearson walichapisha uchunguzi wa sampuli za Tanzania ambamo wakubwa na waeleaji wamo katika mfuatano mmoja, wakaonyesha kwamba wakubwa kadhaa walitoweka karibu sana na wakati waeleaji walipotoweka mwishoni mwa Eosini. Anayemwona Discocyclina katika jiwe gumu la Lindi sasa ana msingi wa kumhusisha na kipimo cha waeleaji.

Mawe ya matumbawe ya Mikindani na Msimbati

Katika mawe haya visukuku ni vingi na vizuri, lakini msaada wake katika umri ni mdogo. Matumbawe, kombe na konokono waliomo wanafanana na wanaoishi baharini leo, na hilo linatueleza kwamba jiwe ni la karibuni tu. Hapa ni lazima kuhamia vipimo vya kikemia vinavyofanywa juu ya kisukuku chenyewe. Kaboni 14 hufikia takriban miaka 50,000 na si zaidi, kwa hiyo hufaa magamba machanga ya ufukweni. Uraniamu na thoriamu hufikia takriban miaka 500,000, na ndiyo njia iliyotumika katika pwani nyingi za dunia kutambua matumbawe yaliyoota kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa.

Sharti ni moja na halina msamaha: tumbawe liwe bado na aragonaiti yake ya asili, yaani madini ya chokaa ambayo tumbawe hujijengea likiwa hai. Maji ya mvua huigeuza kuwa kalsaiti na kuingiza au kutoa uraniamu, na baada ya hapo namba itakayotoka maabara itakuwa na desimali nzuri na maana mbovu. Sampuli ipimwe kwanza kwa miale ya eksirei ili kuthibitisha madini yake, hata kama gharama hiyo itapunguza idadi ya sampuli za umri. Afadhali namba mbili zinazoaminika.

Strontiamu, na sampuli za visima vya gesi

Pale ambapo spishi zimekosa kutambulika lakini gamba ni zima, uwiano wa isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za strontiamu unaweza kuokoa kazi. Uwiano huo katika maji ya bahari umebadilika katika historia na kila gamba lilichukua ule wa wakati wake. Kuanzia Eosini ya mwisho hadi leo umepanda karibu mfululizo, hivyo kwa Oligosini ya Lindi unafaa sana. Kwa Jurasiki ulipanda na kushuka, na thamani moja inaweza kumaanisha nyakati mbili. Hapo hauwezi kufanya kazi bila amonaiti au Trigonia kuonyesha kwanza kipindi.

Kwa wanaosoma vipande vya mawe vinavyoletwa juu na tope la uchorongaji, kama ilivyokuwa katika visima vya gesi vya Songo Songo na Mnazi Bay, uchaguzi wa kundi haubadiliki ila namna ya kusoma hugeuka. Kuta za kisima hudondosha vipande vya juu na kuvichanganya na vya chini, kwa hiyo mahali spishi inapoonekana kwa mara ya kwanza ukishuka, yaani pale ilipotoweka katika historia, ndipo panapoaminika. Mahali inapokoma ukishuka hapaaminiki. Spishi kama Hantkenina, ambayo kutoweka kwake kunajulikana vizuri, zina thamani kubwa zaidi ndani ya kisima kuliko zile zinazosifika kwa kuzuka kwake.

Kabla ya yote hayo, anayenuia kuchukua visukuku Tendaguru au kwingineko apate kibali cha mamlaka ya mambo ya kale, aandike mahali pa kila sampuli na upande wake wa juu kabla hajaing'oa, na kwa kila jiwe la chokaa atakalofunga kwenye mfuko, afunge pia udongo wa chini yake na wa juu yake katika mifuko miwili tofauti.